Nagumo: mtu wa topido aliyekabidhiwa ndege

Ukimtaja Nagumo Chuichi, admirali wa Japani, mbele ya watu wanaopenda historia ya Vita vya Pili vya Dunia, utasikia mashitaka mawili kabla hujamaliza jina. La kwanza, kwamba Desemba 1941 aliipiga Pearl Harbor, bandari ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, kisha akaondoka mapema mno, akaacha matangi ya mafuta na karakana bila kuguswa. La pili, kwamba Juni 1942 pale Midway, kisiwa kidogo cha Wamarekani katika Pasifiki, alisitasita: akafunga mabomu, akafungua, akafunga tena, mpaka Wamarekani wakamkuta katikati ya kazi hiyo na kumchomea meli nne za kubeba ndege. Shitaka moja linamfanya mwoga, jingine linamfanya bwege.

Kadiri ninavyozidi kumsoma ndivyo mashitaka yote mawili yanavyonikwama kooni. Nagumo alikuwa na kosa, tena zito, ila halipo pale wanapolitafuta wengi. Lipo karibu zaidi na sisi kuliko Hawaii: Bahari ya Hindi, siku ya Pasaka.

Nagumo ni jina la ukoo, Wajapani hulitanguliza. Alizaliwa tarehe 25 Machi 1887 Yonezawa, mkoa wa Yamagata, mji wa bara wenye theluji nyingi, mbali na harufu ya chumvi. Alikuwa na miaka 18 Admirali Togo alipoziangamiza meli za Urusi huko Tsushima, Mei 1905, na ushindi ule ndio uliowalea wanamaji wa rika lake. Walikua wakiamini kwamba vita vya baharini huamuliwa kwa pambano moja kubwa, manowari kwa manowari, na jua likizama kesi imekwisha. Mwaka 1908 alihitimu chuo cha wanamaji cha Etajima akiwa miongoni mwa kumi bora katika darasa la vijana 191.

Fani aliyoichagua ilikuwa topido, lile kombora linaloangushwa majini likakimbia kwa injini yake lenyewe na kuitoboa meli ubavuni, chini kusikoonekana. Haikuwa fani ya pembeni hata kidogo. Mkataba wa Washington wa 1922 uliipa Japani uzani wa manowari kubwa wa tatu kwa kila tano za Marekani na tano za Uingereza. Mwenye tatu akitaka kupigana na mwenye tano, lazima ampunguze kwanza. Wajapani waliamua kupunguza huko kufanyike usiku: kruza, yaani manowari za ukubwa wa kati, na manowari ndogo za kasi zinyemelee gizani na topido, halafu kukipambazuka mizinga mikubwa imalizie. Wakabuni topido inayotumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida, isiyoacha nyuma yake mkia wa mapovu unaoonekana wazi, yenye uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 20. Kwa silaha hiyo walimwacha kila mtu nyuma. Nagumo aliongoza manowari za kazi hiyo, akafundisha chuo cha juu cha wanamaji, akazunguka Ulaya na Marekani katikati ya miaka ya 1920, akakabidhiwa kruza Takao na baadaye manowari kubwa Yamashiro. Mwaka 1935 aliingia katika ngazi ya maadmirali.

Kisiasa alikuwa wa kundi la wakali, waliotaka mikataba ichanwe na meli zijengwe. Inasimuliwa kwamba wakati wa mabishano ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 alimwendea Inoue Shigeyoshi, ofisa wa wizara aliyekuwa upande wa pili, akamwambia kuwa kumchoma kisu ubavuni ni jambo jepesi tu. Nalitaja hilo kwa sababu picha iliyozoeleka ya Nagumo ni ya mzee mwenye mvi na wasiwasi, anayewauliza wasaidizi wake kama mambo yatakwenda sawa. Mzee huyo alikuwepo kweli. Lakini miaka michache kabla yake alikuwepo mtu wa moto, na moto wake uliwaka katika kazi aliyoijua.

Aprili 1941 akapewa kazi asiyoijua.

Japani ilikuwa imefanya jambo jipya kabisa: ilizikusanya meli zake za kubeba ndege chini ya kamanda mmoja, zipige pamoja kama ngumi badala ya kidole kimoja kimoja. Aliyelisukuma wazo hilo alikuwa Ozawa Jisaburo, na kwa akili ya kawaida ngumi hiyo angekabidhiwa yeye. Tatizo ni kwamba Ozawa alihitimu Etajima mwaka 1909, na Nagumo 1908. Tofauti ni mwaka mmoja. Katika jeshi la majini la Japani mwaka wa kuhitimu ulikuwa foleni isiyorukwa. Zamu ilikuwa ya Nagumo, basi akapewa Nagumo. Admirali Tsukahara Nishizo, aliyeyajua mambo ya ndege, hakuficha kwamba kwa maoni yake mtu huyu hakuandaliwa kwa kazi ile.

Mwenyewe alilijua hilo, na alifanya kile ambacho ofisa mwangalifu angefanya: aliwategemea wanaojua. Mkuu wa maofisa wasaidizi wake alikuwa Kusaka Ryunosuke. Wa mambo ya ndege alikuwa Genda Minoru, kijana mwenye akili kali na ulimi mwepesi, ambaye mapendekezo yake yalipita karibu bila kuguswa, hata watu wakafanya utani kwamba kikosi kile ni cha Genda. Ukitaka kumhukumu Nagumo, anza hapo. Jemadari anayepokea ushauri wa fani asiyoijua huweza kuufuata. Anachoshindwa ni kuuona upungufu wake.

Pearl Harbor: pigo ambalo halikupigwa

Tarehe 26 Novemba 1941 meli sita za ndege ziling'oa nanga katika ghuba ya Hitokappu, visiwa vya Kuril: Akagi, Kaga, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku. Zilivuka Pasifiki ya kaskazini bila kufungua redio, zikijaziwa mafuta baharini katika mawimbi ya majira ya baridi. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba, kwa saa za Hawaii, ndege 350 hivi zilishambulia kwa mikupuo miwili. Wamarekani 2,403 waliuawa. Nagumo alipoteza ndege 29, akageuza meli kurudi nyumbani.

Lawama ya kuondoka mapema ilipata nguvu baada ya vita, hasa kwa masimulizi ya Fuchida Mitsuo, rubani aliyeongoza shambulio, aliyesema kwamba alisihi mkupuo wa tatu ukakataliwa. Wenzake waliokuwepo hawakulithibitisha jambo hilo. Ila tuliache la nani alisema nini, tuangalie hesabu.

Katika mkupuo wa kwanza zilianguka ndege 9. Katika wa pili, Wamarekani wakiwa wameshaamka na kushika mizinga, zilianguka 20. Mkupuo wa tatu ungeandaliwa kwa saa kadhaa, na marubani wangerudi jua limezama, wakitafuta sitaha nyembamba gizani katika bahari iliyochafuka. Meli za ndege za Marekani hazikuwemo bandarini, na hakuna aliyejua ziko wapi. Manowari ndogo za ulinzi zilikuwa na mafuta ya kuhesabu. Na mpango ulioandikwa haukuyaweka matangi ya mafuta miongoni mwa shabaha; ulitaka manowari zivunjwe, ili Japani ipate nafasi ya kuteka nchi za kusini zenye mafuta bila kusumbuliwa. Nagumo alitumwa kuvunja manowari, akazivunja. Yamamoto Isoroku, bosi wake, alikuwa Japani na redio mkononi. Angetaka pigo jingine, angeamuru. Hakuamuru.

Mtu anaweza kusema jemadari mkubwa huona zaidi ya karatasi aliyopewa. Sawa. Lakini jemadari asiyeona zaidi ya karatasi si mwoga, na aliyeandika karatasi naye aulizwe.

Pasaka ya Colombo

Mwisho wa Machi 1942 Nagumo aliingia Bahari ya Hindi na meli tano za ndege. Kaga ilikuwa imegonga mwamba ikarudi nyumbani. Nyuma yake aliiacha Darwin, Australia, aliyoipiga tarehe 19 Februari. Mbele yake alikuwapo Admirali James Somerville wa Uingereza, mwenye manowari kubwa tano, nne kati yake kuukuu tangu Vita vya Kwanza, na meli tatu za ndege zisizo na ndege za kutosha. Somerville alikuwa na kituo cha siri Addu, kusini kabisa mwa visiwa vya Maldivi.

Tarehe 4 Aprili ndege ya doria iliyorushwa na Mkanada Leonard Birchall iliziona meli za Nagumo, ikatuma habari kabla ya kutunguliwa. Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, Wajapani waliikuta bandari ya Colombo, kisiwani Ceylon (Sri Lanka ya leo), imeshapunguzwa meli.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue. Nagumo alikuwa amebakiza ndege za akiba zilizofungwa topido, endapo Waingereza watajitokeza baharini. Kutoka juu ya Colombo ikaja habari kwamba mji unahitaji pigo la pili. Nagumo akaamuru topido zifunguliwe, yafungwe mabomu ya nchi kavu. Kazi ikiwa katikati, ndege ya upelelezi ikaripoti meli za adui. Nagumo akaamuru mabomu yafunguliwe, zirudishwe topido. Msomaji anayeijua Midway atadhani nimeruka kurasa. Sijaruka. Hii ni Colombo, miezi miwili kabla.

Kubadilisha kulikula muda kuliko walivyokadiria. Mwishowe zikatumwa ndege za kushuka wima peke yake, zile zinazoporomoka kutoka juu na kuliachia bomu karibu na shabaha, 53, nazo zikazizamisha kruza mbili, Cornwall na Dorsetshire, kwa muda usiotimia nusu saa. Mabaharia 424 walikufa. Tarehe 9 Aprili, karibu na Trincomalee, zikaizamisha Hermes, meli ya kubeba ndege ambayo siku hiyo haikuwa na ndege hata moja. Ulikuwa ushindi mtupu, na ushindi mtupu hauulizwi maswali.

Lakini siku hiyo hiyo ndege tisa za mabomu za Waingereza ziliruka kutoka Ceylon, zikaifikia Akagi yenyewe, na watu waliokuwa ndani yake hawakuzitambua mpaka maji yalipopasuka kando ya meli. Mabomu yalikosa. Meli za ndege za Nagumo hazikuwa na rada. Zilitegemea macho ya walinzi na darubini.

Hayo ni mafunzo mawili ndani ya siku tano, yote ya bure: kwamba kubadilisha silaha katikati ya kazi ni mtego, na kwamba adui anaweza kukufikia kichwani bila wewe kujua. Wiki saba baadaye meli zile zilitoka tena kwa utaratibu ule ule, kwa macho yale yale. Hili ndilo kosa la Nagumo. Najua watetezi wake watasema walifika nyumbani wamechoka, marubani wengine wakahamishwa, na hapakuwa na muda. Ni kweli. Ila yeye ndiye aliyekuwa na cheo cha kusema jamani, tumenusurika, tukae tuzungumze.

Kwa watu wa pwani yetu, Pasaka ile ilileta mambo. Somerville alizituma manowari zake kuukuu Kilindini, na Mombasa ikawa makao ya meli za Uingereza za mashariki. Wataalamu wa kusoma siri za redio za Wajapani wakahamishwa nao kutoka Colombo, wakawekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, hapo hapo Mombasa. Mwezi uliofuata Waingereza waliivamia Diego Suarez, Madagaska, wakihofia Wajapani wasije wakaifanya kituo, na tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia bandarini humo, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Nagumo mwenyewe hakurudi tena upande huu. Nyambizi zilirudi: Februari 1944 mojawapo, I-27, iliizamisha Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Watu zaidi ya 1,200 walikufa katika dakika chache. Jambo hilo linastahili makala yake, si sentensi tatu ndani ya habari za mtu mwingine.

Saa mbili za Midway

Nagumo aliondoka Japani tarehe 27 Mei 1942, siku ya kumbukumbu ya Tsushima. Mpango wa Midway ulikuwa wa Yamamoto, na ndani yake mlikuwa na amri mbili zinazovutana: kipige kisiwa kwa tarehe iliyopangwa, kisha ukae tayari kuzipiga meli za Marekani zikitokea. Utayari wa kazi moja ulikuwa kutokuwa tayari kwa nyingine. Katika mazoezi ya mezani yaliyotangulia, inaelezwa, kete ziliamua kwamba meli za Nagumo zimepigwa mabomu 9. Mwamuzi, Admirali Ugaki Matome, akayapunguza yakawa 3, mchezo ukaendelea. Shokaku na Zuikaku hazikuwepo, moja imeumia na nyingine imepoteza ndege nyingi katika pambano la Bahari ya Matumbawe. Na Yamamoto safari hii alikuwa baharini, ndani ya manowari kubwa Yamato, mamia ya kilomita nyuma, redio imefungwa. Habari alizozipata yeye hazikumfikia Nagumo.

Upande wa pili Wamarekani walikuwa wameshaisoma siri. Waliona herufi AF katika redio za Wajapani, wakashuku ni Midway, wakakiagiza kisiwa kitangaze bila fumbo kwamba mtambo wa maji ya kunywa umeharibika. Punde redio ya Kijapani ikaripoti AF ina shida ya maji. Meli tatu za ndege zikatumwa kumvizia Nagumo kaskazini mashariki ya kisiwa. Mojawapo, Yorktown, ilirudi Pearl Harbor imeumia vibaya, ikatengenezwa kwa siku tatu hivi katika gudi na karakana zile zile zilizoachwa Desemba. Wanaomlaumu kwa Pearl Harbor wana hoja hapo, nami siifichi.

Sasa ifuate saa yenyewe, kwa saa za pale. Saa 10:30 alfajiri ya tarehe 4 Juni Nagumo alirusha ndege 108 kwenda kisiwani, akabakiza nusu, zikiwa tayari kwa vita vya meli. Saa 1:00 asubuhi kiongozi wa msafara, Tomonaga Joichi, akatuma neno: kisiwa kinahitaji pigo jingine. Wakati huo huo ndege za Midway zilikuwa zinamshambulia Nagumo, na moja, ikiwa imeshapigwa, ilipita karibu kabisa na chumba cha uongozi cha Akagi ikatumbukia baharini. Waliokuwa ndani walidhani wamekufa. Dakika chache baadaye, saa 1:15, Nagumo akaamuru ndege za akiba zibadilishiwe silaha, zifungwe mabomu ya nchi kavu. Sikatai kwamba amri ile ilivunja agizo la Yamamoto la kubakiza akiba. Nasema tu kwamba aliitoa mtu ambaye kisiwa kilikuwa kimetoka kumrushia ndege usoni.

Saa 1:28 ndege ya upelelezi ya kruza Tone, iliyochelewa kuruka kwa nusu saa, ikaripoti meli kama kumi. Za aina gani? Kimya. Saa 1:45 Nagumo akasimamisha ubadilishaji. Saa 2:20 ndipo ikaja habari kwamba mojawapo inafanana na meli ya ndege. Kutoka Hiryu, Admirali Yamaguchi Tamon akamtaka arushe alichonacho mara moja. Nagumo akaamua ndege za Tomonaga zitue kwanza, maana mafuta yao yalikuwa yanakwisha, kisha aandae pigo moja kamili, lenye topido na ndege za kulilinda. Zilitua kuanzia saa 2:37 hadi saa 3:18.

Hapo ndipo wengi husema alikosa. Kuelewa kwa nini jambo si rahisi hivyo, lazima ujue sitaha ya meli ya ndege ilivyofanya kazi. Wajapani walifunga silaha nzito chini, ghalani. Topido moja ina uzito wa kilo 800 hivi, na mikokoteni ya kuzibebea haikutosha ndege zote kwa mpigo. Kufunga na kufungua kwa kikosi kizima huchukua zaidi ya saa moja. Zikishafungwa, ndege hupandishwa kwa lifti moja moja, hupangwa nyuma ya sitaha, injini hupashwa moto, ndipo ziruke. Hiyo ni kama dakika 45 nyingine. Katika dakika hizo hakuna ndege inayoweza kutua, kwa sababu mahali pa kutulia pamejaa. Na ndege za ulinzi zinazopambana juu hulazimika kushuka kila mara kuongeza risasi na mafuta. Sitaha ni moja. Huwezi kuipanga kwa kuruka na ukaitumia kwa kutua, kama vile uwanja wa mpira usivyoweza kuwa shamba msimu huo huo.

Tangu saa 1 na dakika chache hadi saa 4 na kitu asubuhi ile Nagumo alishambuliwa karibu mfululizo. Mashambulio yalikuwa ya ovyo na yalikosa yote. Kikosi kimoja cha topido cha Marekani, ndege 15, kiliangushwa chote, akabaki mtu mmoja akielea majini. Lakini kila shambulio liliilazimu meli kukata kona kali, na kila shambulio liliziita ndege za ulinzi zishuke na kupanda. Wale vijana waliokufa bila kupiga kitu waliishika sitaha ya Nagumo isitumike.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo linalofunga hoja. Wamarekani walianza kurusha ndege zao saa 1:00 asubuhi. Zilikuwa hewani kabla Nagumo hajapokea habari ya meli ya ndege kwa zaidi ya saa nzima. Hata angemsikiliza Yamaguchi saa 2:30, angerusha ndege thelathini na kitu za kushuka wima, karibu bila ulinzi, huku za Tomonaga zikitumbukia baharini kwa kukosa mafuta, na bado mabomu ya Wamarekani yangemfika. Labda angezamisha meli moja zaidi. Zake asingeziokoa.

Mabomu yalifika saa 4:20 na kidogo. Ndege za kushuka wima za Enterprise, mojawapo ya zile meli tatu za Marekani, zilikuwa zimepotea njia, zikaiona manowari ndogo Arashi ikikimbia kuurudia msafara baada ya kuwinda nyambizi, zikaifuata. Za Yorktown zikatokea upande mwingine kwa wakati ule ule. Ndege za ulinzi za Wajapani zilikuwa chini, zikiwamaliza wale wa topido, na bila rada hakuna aliyetazama juu. Akagi, Kaga na Soryu zikawaka katika dakika chache. Akagi iliuawa na bomu moja lililotua barabara.

Kwa miongo mingi ulimwengu uliamini kwamba sitaha zile zilikuwa zimejaa ndege zilizobakiza dakika tano tu ziruke. Chanzo cha simulizi hiyo ni Fuchida tena. Watafiti waliozisoma kumbukumbu za kurusha na kutua za meli zenyewe waligundua kwamba ndege za mashambulio zilikuwa bado ghalani; sitahani palikuwa na za ulinzi chache. Haikuwa bahati mbaya ya dakika tano. Ghalani kulikuwa na ndege zenye mafuta, topido, na mabomu yaliyofunguliwa ambayo hayakurudishwa bohari, vyote ndani ya chumba kimoja kilichofungwa. Bomu moja lilitosha.

Nagumo aligoma kuondoka. Kusaka alimsihi, na mwishowe walitokea dirishani kwa kamba kwa sababu ngazi zilikuwa zinawaka, wakahamia kruza ndogo Nagara. Hiryu iliyobaki iliipiga Yorktown mara mbili, na jioni nayo ikachomwa. Yamaguchi akazama nayo kwa hiari yake. Wajapani 3,057 walikufa. Majeruhi walirudishwa Japani kwa siri na kutengwa mahospitalini, maana wananchi walikuwa wametangaziwa ushindi.

Meli nyingine, kisha hakuna meli

Cha kushangaza, hakufukuzwa. Yeye na Kusaka walimwomba Yamamoto nafasi ya kulipa kisasi, naye akawapa. Oktoba 26, 1942, karibu na visiwa vya Santa Cruz, Nagumo akiwa na Shokaku na Zuikaku aliizamisha meli ya ndege ya Marekani Hornet na kuijeruhi Enterprise. Kwa daftari la meli, alishinda. Kwa daftari la watu, alipoteza warukaji 148, zaidi ya waliokufa Midway, ambako warukaji wengi waliokolewa na walioteketea ghalani walikuwa mafundi. Marubani wa 1941 walikuwa wamefundishwa kwa miaka. Hapakuwa na wengine nyuma yao. Mwezi uliofuata alipelekwa kuongoza kituo cha Sasebo, baadaye Kure. Aliyechukua meli zake ni Ozawa, yule wa darasa la 1909. Foleni ilikuwa imefika.

Machi 1944 walimpeleka Saipan, kisiwa cha Pasifiki kilichoshikwa na Japani, na cheo kirefu: kamanda wa meli za eneo la Pasifiki ya kati. Meli zenyewe hazikuwepo za maana. Juni 15 Wamarekani walishuka ufukweni, na mkuu wa operesheni alikuwa Raymond Spruance, mmoja wa wawili waliompiga Midway. Miongoni mwa manowari zilizokipiga kisiwa kwa mizinga zilikuwamo California, Tennessee na Maryland. California ilikuwa imekaa kwenye matope ya Pearl Harbor. Waliiinua, wakaitengeneza, wakaileta kwake. Siku nne baada ya askari kushuka, Ozawa alikuja na meli zote za ndege alizoweza kukusanya. Alipoteza tatu, na ndege kwa mamia.

Nagumo alimaliza siku zake mapangoni pamoja na Jenerali Saito Yoshitsugu, wakirudi nyuma kuelekea kaskazini ya kisiwa. Tarehe 6 Julai wote wawili walijiua, Nagumo kwa bastola. Usiku wa kuamkia tarehe 7 maelfu ya askari waliobaki walitumwa kukimbilia risasi. Raia wa Kijapani, akina mama na watoto wakiwemo, walijirusha kutoka majabali ya kaskazini. Tarehe 18 Julai serikali ya Waziri Mkuu Tojo ilianguka.

Baada ya kifo alipandishwa cheo, akawa admirali kamili. Katika meli sita alizotoka nazo Hitokappu, siku alipokufa tano zilikuwa zimezama. Shokaku ilikuwa imewaaga wiki mbili tu kabla yake. Ya sita, Zuikaku, ilizama tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo karibu na Ufilipino, chini ya Ozawa, ikiwa imetumwa kuwavuta Wamarekani kama chambo, kwa sababu haikuwa tena na marubani wa kuirushia ndege.